Nimefungua kichupa cha BPC-157: nilichokikuta, na kwa nini sijajichoma

Mambo vipi wadau, karibuni. Leo mezani nina kile kitu mlichoniuliza kwenye komenti wiki nzima, hiki hapa, BPC-157, sindano wanayosema inaponesha kano haraka, ngoja nikisogeze kwenye kamera… mnakiona? Kichupa chenyewe ni kidogo kuliko kidole gumba changu. Huku chini kuna kitu cheupe kimegandia kama kipande cha chokaa, huo ndio unga wenyewe, umegandishwa ukakaushwa, na kwenye lebo wameandika miligramu 5. Juu kuna kizibo cha mpira kimebanwa na kibati. Basi, mzigo wote ni huo, na nimeununua kwa hela yangu, laki na tisini, hakuna mtu aliyenilipa kuusema vizuri wala vibaya.

Kwanini nilinunua? Wanaonifuatilia wanajua, mimi mkimbiaji, na mwaka jana kano ya kisigino, ile kamba nene ya nyuma ya mguu, ilinitesa vibaya mno, yani asubuhi nashuka kitandani nashika ukuta kwanza ndo nakanyaga, hatua kumi za mwanzo natembea kama mzee, halafu inalegea kidogo, jioni inarudi. Miezi minne hivyo. Mtu wa jimu akaniambia kaka kuna sindano, unapiga wiki mbili unarudi barabarani. Na mtu ukiwa na maumivu ya muda mrefu hivyo unaamini haraka, nawaelewa kabisa mnaonitumia meseji, nilikuwa hapohapo mlipo.

Sasa tuangalie lebo pamoja. Hapa, maandishi madogo ya Kiingereza, yanasema ni kwa ajili ya utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Nageuza… jina la kiwanda hakuna. Namba ya toleo hakuna. Tarehe ya kuisha hakuna. Kwenye boksi hakuna hata kikaratasi cha maelezo, panadol ya mia tano ina maelezo zaidi ya hiki. Nikamuuliza muuzaji natumiaje, akanirushia voisi noti, "bro piga pointi ishirini asubuhi, ishirini jioni".

Hapo kwenye pointi ndipo niliposimama. Chukua sindano ya insulini, hii, bado iko kwenye pakiti, ile ya kawaida imegawanywa uniti 100 kwenye mililita moja, kila uniti ndo wanaita pointi. Unga huu haujichomi ukiwa mkavu, lazima uuyeyushe kwenye maji maalumu. Ukitia mililita moja, pointi ishirini zinabeba miligramu moja. Ukitia mililita mbili, pointi zilezile ishirini zinabeba nusu yake. Muuzaji hakusema nitie maji kiasi gani, hakuniuliza uzito, hakuniuliza naumwa nini, hakuniuliza kama natumia dawa nyingine. Na hesabu yote hiyo inategemea kwamba humu ndani kweli mna miligramu 5, na kwamba ni BPC kweli, na kwamba ni safi, kwa macho huwezi kujua hata moja, unga mweupe ni unga mweupe.

Haya, tuje kwenye kitu chenyewe, maana sitaki mseme nimekiponda bila kukielewa. BPC-157 ni mnyororo wa asidi amino 15, yani vile vipande vinavyojenga protini, unatengenezwa maabara, na waliokuja nao ni watafiti wa Zagreb kule Kroatia, timu ya profesa Predrag Sikirić, mwanzoni mwa miaka ya 90, wakisema wameutoa kwenye protini ya majimaji ya tumboni. Na tafiti za panya zinavutia, nasema ukweli. Wamekata kano ya kisigino ya panya, wakampa hii kitu, kano ikaunga vizuri kuliko ya panya ambaye hakupewa. Vidonda vya tumbo, misuli, ligamenti, hadithi ni hiyohiyo. Inaonekana inachochea mishipa midogo ya damu kuota sehemu iliyoumia, na kano kwa kawaida hupata damu kidogo, ndo maana inachelewa kupona, kwa hiyo ukisikiliza unaona ina mantiki.

Lakini panya wengi hao ni wa timu ileile moja. Na upande wa binadamu ndugu zangu ni pakavu. Kuna ripoti moja ya 2021 ya watu 16 wenye maumivu ya goti waliochomwa kwenye goti, wengi walisema wamepata nafuu, ila hakukuwa na kundi la kuwalinganisha nalo, na goti linaweza kutulia lenyewe. Kuna jaribio jingine lilisajiliwa 2015, watu wazima 42 wenye afya, matokeo yake hayajachapishwa mpaka leo. Zaidi ya miaka 30 tangu igunduliwe, tuko hapo. Halafu hiyo mishipa mipya ya damu, uvimbe wa saratani nao unaitaka ili ukue. Sijasema inaleta saratani, hakuna aliyeonyesha hivyo, nasema hakuna aliyewafuatilia watu miaka ya kutosha kukuhakikishia. Marekani kwenyewe, mwaka 2023 FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, iliiweka kwenye kundi la vitu vyenye mashaka ya usalama ambavyo mafamasia wasichanganye kwenye dawa za wagonjwa.

Kwa wadogo zangu mnaoshindana, na nawajua mko Iten na Eldoret mnanisikiliza, WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, imeitaja kwa jina kwenye orodha ya marufuku tangu 2022, muda wote, kwenye mashindano na nje. Na ile pacha yake wanayouza pamoja, TB-500, ni kipande cha thymosin beta-4, protini iliyomo mwilini, nayo imepigwa marufuku. Klabu ya Essendon ya mpira wa Kiaustralia, wachezaji 34 walifungiwa Januari 2016 kwa thymosin beta-4 ya msimu wa 2012. Vijana walichomwa ndani ya programu ya klabu yao, wamesaini karatasi, wameambiwa kila kitu kiko halali, na bado adhabu ikawaangukia wao. Kwako wewe, kocha au jirani aliyekupa sindano hatasimama mbele ya jopo badala yako.

Kwa hiyo kama bidhaa, sipendekezi, na laki na tisini yangu imeenda. Kilichonirudisha mimi barabarani ni hii ngazi ya nyumbani, nawaonyesha… unasimama kwa ncha za miguu, unapanda kwa mguu usiouma, unahamisha uzito kwenye mguu mbovu, unashuka taratiiibu mpaka kisigino kiko chini ya ngazi. Mara 15, seti tatu goti limenyooka, tatu limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, wiki 12. Daktari mmoja wa Sweden, Alfredson, alichapisha hii 1998, wakimbiaji 15 wa kawaida, wote wakarudi kukimbia. Wiki tatu za kwanza iliniuma nikataka kuacha. Wiki ya tisa nikashuka kitandani bila kushika ukuta. Ila mtu wa tiba ya viungo akuangalie kwanza, maana kama kano imekatika kabisa hii ngazi siyo yako.

Na kuna dada kaniandikia, mume wake ameshajichoma wiki tatu, pale anapochomea pamekuwa pekundu na pamevimba, na anaogopa kwenda hospitali asije akagombezwa. Dada, mpeleke leo, usisubiri kesho, na akipata homa ndo kabisa. Beba kichupa, beba maji aliyochanganyia, beba na sindano aliyotumia kwenye chombo kigumu, mwekee daktari vyote mezani na umwambie kila kitu, pointi ngapi, siku ngapi, anachoma wapi. Hicho changu nakipeleka kwa mfamasia kikateketezwe, hakiendi kwenye dampo ambako watoto wanaokota.