Kuvua kwa kayaki Kunduchi: lipia mwongozaji, chombo ni nyongeza

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayouliza. Nusu siku nililipa kampuni inayokodisha shilingi 120,000: kayaki, kafi, jaketi la kuokolea, fimbo moja yenye rili, na mwongozaji. Chambo hakikuwamo. Hilo niliambiwa ufukweni, kabla hata jua halijachomoza, na ngisi wao wanauza ghali kuliko sokoni hatua chache kutoka pale. Ukienda, pitia mnada wa samaki jioni ya kuamkia safari ununue mwenyewe.

Kayaki ni ile ya kukalia juu, plastiki nene, ina vitundu sakafuni. Wimbi likikumwagikia, maji yanashuka yenyewe. Imetulia kuliko nilivyodhani. Kiti kimelegea, na kufika saa tatu kiuno kilikuwa kinanidai. Rili imeingia kutu, ukiizungusha inakwaruza kama kinu cha kusagia mahindi. Jaketi la kwanza nililopewa kifungio chake kimoja kilikuwa kimevunjika. Nikaomba jingine, nikapewa bila maneno. Lakini aliyenifuata nyuma angelivaa lile lile kama hakukagua, na hapo ndipo walipopoteza nyota kwangu.

Sasa mwongozaji. Ni kijana wa palepale, amekulia kwenye ngalawa. Mimi nilitaka Jumamosi ya mwezi mpevu, yeye akakataa. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, akasema, maji ya Dar hujaa kwenye saa kumi alfajiri, na ikifika saa nne na kitu asubuhi yamekupwa kabisa. Kutoka mtatoka vizuri, kurudi mtakuta mchanga na majani, na kayaki mtaiburuta wenyewe juani. Akanisogeza hadi maji mafu, siku ambazo kujaa na kupwa ni kudogo, wiki moja baadaye, ambapo maji hujaa katikati ya asubuhi na mkondo hauna nguvu sana. Ofisi iliyopokea pesa yangu haikuwa imenigusia jambo hilo. Kwao kila Jumamosi ni sawa.

Kabla ya kwenda popote alinipeleka kwenye maji ya kiunoni. "Dada, jipindue." Nikajipindua. Kayaki ikiwa imelala kifudifudi, unapitisha mkono juu ya tumbo lake, unashika ukingo wa upande wa pili, unajivuta nyuma kwa uzito wako wote mpaka igeuke. Halafu usijaribu kupanda kama unavyopanda kitanda. Unalaza mwili juu ya maji, unapiga miguu, unajivuta kwa tumbo hadi kitovu kivuke katikati, ndipo unageuka kukaa na kuingiza miguu. Tulirudia mpaka akaridhika. Kila kitu kilifungwa kamba: kafi, fimbo, koleo, hata chupa ya maji. Kisu kikakaa kifuani, mahali ambapo mkono wowote unakifikia.

Nilidhani tutaelekea Mbudya, maana ndicho kisiwa unachokiona mbele yako. Akacheka. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975, kuvua huko ni marufuku, na yeye hataki kesi. Tukapinda kaskazini, upande wa Ununio. Hapo napo kulikuwa na hesabu yake: ulikuwa msimu wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, kwa hiyo ukiamka utakuwa mgongoni wakati wa kurudi. Msimu wa kusi, upepo wa kusini, huwa anafanya kinyume chake, anaanzia kusini.

Njiani tulirambaza, yaani tuliburuta ndoana nyuma ya kayaki, hatukupata kitu. Tukatia nanga. Kamba ya nanga ifungwe mbele au nyuma, kamwe si ubavuni, kwa sababu mkondo ukiivuta kayaki kwa ubavu inalala. Na fundo liwe la kuachia kwa mvuto mmoja.

Fimbo yangu ya kisasa ilitoa changu wadogo wawili. Yeye, na mshipi wa mkono uliozungushwa kwenye kipande cha boya kuukuu, alikuwa ameshajaza nusu ya ndoo. Samaki wangu wa tatu alikuwa mzito, nikampandisha kwa furaha hadi mapajani, mwongozaji akapiga kelele: "Usimshike! Hongwe huyo!" Hongwe, kambare wa baharini, ana mwiba mgongoni na mingine miwili ubavuni, yenye sumu, na mimi nimevaa kaptula. Kwenye kayaki hakuna pa kumkimbia samaki. Miguu imenyooka mbele, na yeye anarukaruka katikati yake. Kijana akaleta kayaki yake ubavuni mwa yangu, akambana kwa kafi, akamkamata kwa koleo, akakata mshipi na kumwacha aende na ndoana yake. Akikuchoma, aliniambia, loweka kidonda kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili kisha nenda hospitali. Tangu hapo kila samaki niliyempandisha nilimning'iniza kwanza pembeni nimwangalie sura.

Kichefuchefu kilikuja tulipokuwa tumetulia kwenye nanga, si tulipokuwa tunapiga kafi. Meza dawa mapema. Na paka losheni juu ya nyayo na mapajani. Mimi nilipaka usoni tu kama ninakwenda harusini, nikalala chali siku mbili.

Saa nne ikipita kidogo, bahari ikaanza kuwa na mikunjo. Mimi nilikuwa nimeanza kunogewa, yeye ameshavuta nanga. Upepo ukatusukuma kama alivyosema, na maji yalikuwa yamejaa hadi karibu na mahali tulipoacha viatu.

Nyota tatu kwa kampuni, tano kwa kijana. Niliwaandikia kuhusu jaketi na bei ya chambo. La jaketi walishukuru. La chambo wakanijibu kwamba limeandikwa kwenye masharti, na kweli lipo, mwisho kabisa, chini ya sehemu ya watoto.