Kuchangia watoto wa Kinango: dawa na uji ni vyema, ufadhili wa picha una walakini

Kwa muda sasa nimekuwa nikichangia kila mwezi, kwa M-Pesa, shirika moja la hisani lenye ofisi hapa Mombasa, ambalo kazi yake ni kusaidia masomo na afya ya watoto katika vijiji vya Kinango, kaunti ya Kwale. Jina lake naliacha makusudi, kwa sababu nina malalamiko, na kasoro nitakazozieleza si zake peke yake. Rai yangu ni kwamba upande wa afya, ambao shirika lenyewe halijivunii, ndio unaostahili pesa za mtu, na kwamba ule wa kumfadhili mtoto mmoja mmoja, ambao ndio uliojaa kwenye mabango yake, unahitaji kutazamwa upya.

Ofisini hupokewa vizuri. Nilipoomba kuona cheti cha usajili na hesabu zilizokaguliwa, nilionyeshwa vyote bila kuzungushwa. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013, ilianza kutumika Mei 2024 badala ya ile ya 1990, kwa hiyo anayeonyeshwa cheti cha zamani asione haya kuuliza kama kimehuishwa.

Nianze na afya. Sehemu kubwa ya vijiji hivyo hutegemea mabwawa kwa maji ya kufua, ya kuoga na ya mifugo, na konokono wa mabwawa hayo ndio wanaohifadhi vimelea vya kichocho. Mtoto huingia majini kuogelea, vimelea vikampenya ngozini, na baada ya muda akaanza kukojoa damu. Ukiongeza safura, ambayo huingia kwa nyayo zisizo na viatu na kunyonya damu utumboni, utaelewa kwa nini mwalimu humkuta mwanafunzi amelalia dawati saa nne asubuhi wala si mvivu.

Siku ya kugawa dawa nilikuwepo. Kila mtoto husimamishwa kando ya kijiti kirefu kilichopigwa alama za rangi, visigino vikigusa ukuta, na idadi ya vidonge vya prazikwanteli, dawa ya kichocho, hutokana na alama ambayo kichwa chake kimefika, kwani kuwapima uzito wanafunzi wote kungekula siku nzima. Albendazoli, dawa ya minyoo kama safura, ni kidonge kimoja tu cha kutafuna. Mwalimu mmoja aliandika majina, mwingine alimimina maji, na wa tatu, mama mmoja mkali kidogo, alimwambia kila mtoto afungue kinywa na kuinua ulimi, maana prazikwanteli ni chungu na wapo mafundi wa kuificha. Kabla ya yote hayo watoto walikuwa wameshakunywa uji. Hapo ndipo pesa ya mchangiaji inapoonekana, kwa sababu dawa ile mtu akiinywa na tumbo tupu humletea kichefuchefu na maumivu, na mtoto aliyetapika muhula huu hujificha nyumbani muhula ujao.

Mchangiaji ajue jambo moja ambalo vipeperushi vya shirika havilisemi waziwazi: dawa zenyewe hazigharimu shirika kitu. Albendazoli hutolewa bure na kampuni ya GlaxoSmithKline na prazikwanteli na Merck ya Ujerumani, kupitia Shirika la Afya Duniani, na serikali ya Kenya ina mpango wake wa kitaifa wa kuzigawa shuleni ulioanza 2009. Shirika hulipia uji, usafiri na mafunzo ya walimu, na huwafuata nyumbani wale waliokosa siku hiyo pamoja na wasiosoma kabisa. Sioni aibu yoyote katika hilo, na ningependa lisemwe hivyo hivyo. Utafiti wa wachumi Edward Miguel na Michael Kremer kule Busia, uliochapishwa 2004, ulionyesha utoro ukipungua kwa kama robo katika shule zilizopewa dawa za minyoo. Wataalamu wamebishana baadaye kuhusu ukubwa wa faida hiyo, lakini kwa matibabu ya bei ndogo namna hii mimi naona hoja bado ina nguvu.

Shirika hugawa sodo pia. Tangu 2017 sheria inaitaka serikali iwape bure wasichana wa shule za umma, ila shehena ya serikali ikichelewa, ya shirika ndiyo inayowavusha.

Sasa ufadhili. Karo ya shule za msingi za umma iliondolewa 2003, lakini sare, viatu, madaftari na pesa ya chakula bado humkwamisha mzazi aliyekosa mavuno, kwa hiyo msaada wenyewe ni wa kweli. Tatizo ni namna unavyotolewa. Mfadhili huonyeshwa picha, akachagua uso, na mtoto huyo akapewa kila kitu huku nduguye akitazama. Katika boma moja niliwakuta kaka wawili, mkubwa na mkoba mpya wenye nembo ya shirika, mdogo akibeba vitabu katika kiroba cha unga. Mama yao alikuwa amekata madaftari ya mkubwa katikati kwa kisu, nusu kwa huyu na nusu kwa yule. Alirekebisha mwenyewe kile ambacho ofisi ya Mombasa ilishindwa kukifikiria.

Kisha kuna barua. Mimi huletewa barua ya shukrani kutoka kwa mtoto wa gredi ya tatu, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu, na mwenzangu kazini huletewa nyingine yenye mwandiko ule ule. Picha za watoto, pamoja na majina na vijiji vyao, huwekwa mitandaoni, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Nilipouliza niliambiwa fomu za ridhaa ziko shuleni. Mwalimu mkuu niliyemuuliza hakuwa na habari nazo.

Ripoti ya mwaka nayo huandikwa kwa Kiingereza pekee. Wazazi wa kamati ya shule, ambao huzungumza Kiduruma na kusoma Kiswahili, hawana njia ya kujua ni kiasi gani kilichoingia kwa jina la watoto wao, wakati karatasi moja ya Kiswahili iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule ingetosha.

Bado nachangia, ila nimeomba pesa yangu ihamishwe kutoka kwa mtoto mmoja hadi mfuko wa afya na uji, na ofisi ilikubali bila ubishi. Anayetaka kufanya hivyo tangu mwanzo atakuta kisanduku cha kuchagua katika ukurasa wa pili wa fomu, chini kabisa, baada ya picha zote.