Photoshop ya kukreki au GIMP ya bure?
Zote ni programu za kuhariri picha, nimetumia zote mbili kwa hiyo naongea kitu nnachokijua. Ya kukreki, yaani iliyovunjwa kufuli ili usiilipie, unaipata ful, kila kitu kipo, ila ile kreki yenyewe inakwambia zima kwanza antivairasi, yaani unamfungulia mlango mtu usiyemjua kabisa, mi iliniletea kirusi kikafunga faili zangu zote, picha za harusi ya mteja nikabaki naziangalia tu hazifunguki. Apdeti nazo ndo usahau.

GIMP ipo tangu 1996, bure kihalali, mwanzoni menyu zitakusumbua ila unazoea. Wanaochora vitu vya 3D wana Blender, nayo ni programu ya bure, 2002 watu walichanga yuro 100,000 ili msimbo wake (kodi iliyoiunda) uachiwe huru, jamani watu walitoa hela zao mfukoni ili wewe utumie bila kuiba!

Wanaosema kampuni ni tajiri haiumii siwaelewi, maana haohao wakiibiwa logo waliyokesha kuichora wanalia mtandao mzima.

Mi sahivi natumia GIMP, ikija kazi inayodai Photoshop kweli nalipia mwezi mmoja na hiyo gharama naiweka kwenye bei ya mteja.