Nililipia skrubu ya kuyeyuka, nikafungwa chuma

Goti liko imara, nianze na hilo wenye hospitali yao wasije kunirukia. Natembea, nakimbia, nimeanza hata kugusa mpira. Lakini kinyongo ninacho, tena kikubwa.

Kano ya mbele ya goti ilikatika uwanjani hapa Mtwara, minada ya korosho ikiwa imepamba moto. Daktari wa kwanza, Mungu ambariki, alinifafanulia kila kitu: wanavuna kano nyuma ya paja, wanaipitisha kwenye matundu ya mifupa, juu inaning'inizwa kwa kifungo cha chuma, chini kwenye muundi inabanwa kwa skrubu. Wiki za mwanzo kano haijashikana na mfupa, kwa hiyo mzigo wote unabebwa na vifaa hivyo. Skrubu kuna za titani, yaani chuma, na kuna zinazoyeyuka zenyewe mwilini. Nikataka ya kuyeyuka, maana chuma huchafua picha ya MRI, ile ya kuonyesha kano ndani ya goti, na mimi mpira siachi, naweza kuumia tena nikaihitaji. Ilikuwa ghali. Bima ikaikataa. Hela ya korosho ya mjomba ikaishia hapo.

Siku ya kliniki nikainua eksirei dirishani. Kifungo kile, sawa. Chini yake skrubu nyeupe pee, meno yake yote yanahesabika! Ya kuyeyuka kwa kawaida haionekani kwenye eksirei, unaona tundu tu. Nikamuuliza daktari wa zamu. Macho hakuyatoa kwenye simu.

"Kijana, wewe ndiye fundi wa magoti? Unatembea hutembei?"

"Natembea, daktari."

"Basi niitie anayefuata."

Wallahi nilitetemeka. Dada wa dirisha la malipo ndiye aliyesema ukweli: ile ya kuyeyuka iliisha stoo, "wakakuwekea iliyo bora." Bora kwa bei ileile? Na mbona risiti inasema nyingine?

Haya, titani si kitu kibaya. Zile za kuyeyuka huweza kupasuka zikiwa zinakazwa, huenda aliyenipasua alinifaa. Mkono wake naupa nyota tano. Hospitali nilitaka kuipa tatu, lakini nikiikumbuka ile simu, moja inatosha.

Mwenye goti bovu aende tu, kazi wanaijua. Ila skrubu aoneshwe ikiwa kwenye pakiti kabla hajalipa. Mimi chenji yangu bado naidai.