Uzoefu wangu na dishi la chuma na la alumini Dodoma: kutu huanzia wapi

Dishi langu la kwanza ni la chuma, lenye upana wa sentimita 90, na limekaa kwa miaka mingi kwenye ukuta wa nyumba yangu Nkuhungu. La pili ni la alumini, ambalo nililifunga baadaye kwa ajili ya king'amuzi kingine. Yote mawili yamepigwa na jua lile lile, vumbi lile lile na upepo ule ule wa kiangazi, kwa hiyo nina msingi wa kuyalinganisha. Hitimisho langu naliweka hapa mapema: mnunuzi anayekagua uso wa dishi peke yake anakagua sehemu ambayo kwa mji huu ndiyo ya mwisho kuharibika.

Madishi ya majumbani hutengenezwa kwa malighafi tatu kuu. Ya kwanza, ambayo ndiyo imejaa madukani kwetu, ni bati la chuma lenye utando wa zinki, linalogandamizwa kwa mashine hadi lipate umbo, kisha linapuliziwa rangi ya unga na kuokwa tanurini ili rangi ishike. Ya pili ni alumini, ambayo ni nyepesi na huuzwa kwa bei ya juu zaidi. Ya tatu ni faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Faiba yenyewe hairudishi mawimbi, hivyo ndani yake huwekwa wavu au karatasi ya metali, na hiyo ndiyo inayofanya kazi. Yapo pia yale makubwa ya wavu wa alumini, ambayo bado yanaonekana kwenye nyumba za zamani. Hayo yanafaa zaidi kwa masafa ya C, ambayo urefu wa wimbi lake ni kama sentimita 7 hadi 8. Masafa ya Ku yanayotumiwa na ving'amuzi vingi vya majumbani yana wimbi la takriban sentimita 2.5, kwa hiyo wavu wake unapaswa kuwa na matundu madogo sana, ya milimita chache tu. Asiyejua dishi lake ni la aina gani achukue sumaku ya spika iliyokufa na kuigusisha mgongoni mwa dishi. Ikinasa ni chuma, ikianguka ni alumini au faiba.

Je, dishi la chuma linapata kutu? Linapata, lakini Dodoma linapata polepole kuliko watu wanavyohofia. Chuma hakishiki kutu bila maji na hewa kukutana juu yake, na mji wetu hupata wastani wa mvua wa takriban milimita 570 tu kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Shemeji yangu anayeishi Tanga, ambako upepo wa bahari huleta chumvi usiku na mchana, alinunua dishi la chuma linalofanana na langu, nalo limechakaa mapema sana ukililinganisha na hili la kwangu. Zinki inayofunika bati hujitoa mhanga kwanza: yenyewe ndiyo inayoliwa kabla ya chuma, hata pale rangi inapokwaruzika kidogo. Ikiisha, chuma hubaki peke yake, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, rangi huvimba na kubanduka, na maji yakapata njia nyingine ya kuingia.

Kwenye dishi langu jua ndilo limefanya kazi kubwa kuliko mvua. Ukipitisha kidole juu ya uso wake, kinatoka na unga wa kijivu, kwa sababu rangi imechoshwa na miale ya jua. Uso wenyewe bado hauna kutu. Ukingo wa chini ndio wenye tatizo, pale bati lilipokunjwa kuelekea nyuma. Sababu yake inatokana na mahali tulipo. Setilaiti za televisheni huwa juu ya ikweta, na ile iliyo kwenye longitudo ya nyuzi 36 mashariki iko karibu kabisa juu ya vichwa vyetu, takriban nyuzi 83 kutoka upeo wa macho. Dishi linaloielekea haliwezi kusimama wima kama yanavyosimama madishi ya Ulaya. Hulala kwa nyuma, likapokea vumbi la kiangazi chote. Mvua ya kwanza inapofika, vumbi hilo hushuka likajikusanya kwenye lile kunjo na kukaa na unyevu muda mrefu baada ya sehemu nyingine zote kukauka. Ndiyo maana kila kiangazi kinapoisha napitisha brashi laini kwenye kunjo, kisha kitambaa kikavu.

Sasa nije kwenye stendi, kwa maana hapo ndipo nilipopata hasara. Fundi aliyefunga dishi la chuma alileta stendi aliyochomelea mwenyewe kwa bomba jeusi, akaipaka rangi ya silva ili ing'ae, na kuifunga ukutani chini ya tangi langu la maji. Maji ya kisima tunayotumia yana chumvi, kama yalivyo maji ya visima vingi vya Dodoma, na tangi lilipojaa lilikuwa likitiririsha matone juu ya bomba lile. Matone yalikauka kwa jua na kuacha chumvi nyeupe, yakaja mengine, yakakauka tena. Kutu ilianzia kwenye mishono ya kuchomelea. Hata bomba lenye zinki hupoteza kinga yake pale linapochomelewa, kwa kuwa joto huunguza zinki, sembuse hili lisilokuwa nayo. Mdomo wa juu wa bomba nao haukuzibwa, hivyo maji yaliingia ndani na kulila kutoka upande usioonekana. Nilipoligonga kwa bisibisi, vipande vyekundu vilimwagika kwa ndani, na bolti za kurekebishia pembe zilikuwa zimeshikana na nati zake kiasi kwamba zilikatika zilipolazimishwa.

Kabla ya hapo tulikuwa tumeshaanza kupoteza chaneli kila upepo wa Julai na Agosti ulipovuma, na wengi tuliamini kwamba dishi limezeeka. Halikuwa dishi. Dishi la sentimita 90 kwenye masafa ya Ku lina uwanja wa kuona wa takriban nyuzi 2 tu, kwa hiyo stendi ikilegea na kuliinamisha kwa nyuzi 1, sehemu kubwa ya mawimbi imeshapotea. Kwa upande mwingine, doa la kutu juu ya uso wenye umbo zuri halizuii mawimbi kwa kiwango cha kuonekana kwenye televisheni. Kinachoharibu ni umbo kupinda au mwelekeo kuhama. Tulipofunga stendi mpya iliyochovywa kwenye zinki baada ya kuchomelewa, yenye kifuniko juu na mbali na tangi, dishi lile lile la zamani lilirudisha chaneli zote.

Dishi la alumini halina kutu nyekundu, na halitakuwa nayo, kwa sababu alumini ikikutana na hewa hujifunika utando mwembamba unaoziba, tofauti na kutu ya chuma ambayo ina matundu na huruhusu uharibifu kuendelea. Hata hivyo, muuzaji anayesema kwamba haliharibiki kabisa hasemi kweli. Kwenye langu, pale bolti za chuma zilipogusana na alumini, nimeona unga mweupe, kwa kuwa metali mbili tofauti zikilowa pamoja moja huila nyingine. Nimeweka washa za plastiki kati yake, na unga huo haujaongezeka. Udhaifu wake mwingine ni ulaini: mpira wa watoto uliacha bonyeo ambalo chuma kingelistahimili.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipita haraka ni koneta ya waya kwenye LNB, yaani kile kifaa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. King'amuzi hupeleka umeme wa volti 13 au 18 kupitia waya huo, na maji yakiingia hapo, umeme huo huharakisha sana uozo. Uzi wa katikati kwenye waya nyingi za bei nafuu ni chuma kilichopakwa shaba. Shaba ikiliwa, kutu huufuata mara moja. Sasa kila koneta yangu imefungwa tepu ya mpira inayojishikanisha yenyewe, na waya umeachiwa tumbo linaloning'inia ili matone yadondoke kabla ya kufika kwenye koneta.

Kwa anayeishi Dodoma, Singida au Manyoni, kwangu mimi dishi la chuma linatosha, na tofauti ya bei na la alumini ni afadhali iende kwenye stendi na bolti zenye zinki nzuri. Kwa nyumba ya pwani ningeshauri alumini bila kusita.

Kuhusu kupaka rangi upya, nimefanya hivyo mgongoni na kwenye ukingo tu: nilisugua kutu kwa msasa, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya kijivu isiyong'aa. Uso wa mbele sikuugusa. Rangi inayong'aa ikipakwa hapo hukusanya joto la jua kwenye LNB, hasa karibu na miezi ya Machi na Septemba, jua linapopita nyuma ya setilaiti baada ya saa sita mchana na dishi likawa linalitazama moja kwa moja.