Ruzuku ya intaneti kwa kliniki za vijijini Marekani: uzoefu wangu wa miaka minne

Ukiwa Marekani, tazama bili yako ya simu. Kuna mstari ambao wengi tunaupita tu, umeandikwa Universal Service. Senti zile zinaingia kwenye mfuko ambao, pamoja na mambo mengine, unalipia sehemu kubwa ya intaneti ya kliniki ninayofanyia kazi huku magharibi mwa Iowa, mahindi kushoto, mahindi kulia.

Cheo changu ni meneja wa ofisi. Maana yake nalipa bili, naagiza sabuni, na wakija Wakongomani wa kiwanda cha nyama, mkalimani ni mimi. Ndiyo maana kazi ya kuomba ruzuku nayo iliniangukia.

Mpango wenyewe unaitwa Healthcare Connect Fund. Uliidhinishwa mwaka 2012 na FCC, tume ya serikali ya mawasiliano, na anayeshughulika na makaratasi kila siku ni USAC, shirika linalouendesha mfuko huo. Wao wanalipa asilimia 65, kliniki inatoa 35. Faiba yetu ni dola 1,200 kwa mwezi, kwa hiyo sisi tunatoa 420. Kabla ya hapo tulikuwa na laini ya shaba: ukituma picha ya eksirei kwa mtaalamu wa mjini, unaweza kwenda kunywa chai na kurudi bado inapanda. Siku hizi mgonjwa anaongea na daktari wa akili aliye mbali, na sura yake haigandi katikati ya sentensi. Kwa hilo peke yake sina neno baya.

Malalamiko yangu ni juu ya njia ya kufika huko. Fomu 460 ya kuthibitisha kwamba mnastahili ilinipa moyo, maana ilikuwa nyepesi. Ikafuata 461, ya kutangaza zabuni. Hapo sheria inataka usubiri siku 28 tangu tangazo liwekwe hadharani, ndipo uchague kampuni. Mimi nikaanza kuhesabu tangu siku niliyobonyeza kutuma, kabla tangazo halijawekwa. Mkataba ukasainiwa kabla ya siku kutimia. Bahati nzuri niligundua kabla ya kutuma 462, ile ya kuomba fedha zenyewe; ningeituma, ombi lingekataliwa. Tulichana mkataba, tukatangaza upya, tukasubiri siku nyingine 28. Mkurugenzi wetu hakusema kitu, ila aliniangalia.

Jambo lingine lililonishtua ni zawadi. Mwakilishi wa kampuni moja iliyoomba zabuni alikuja na kapu la matunda na jibini, zuri kweli. Mimi nimekulia Tanga, mgeni haji mikono mitupu, nikapokea kwa mikono miwili. Kumbe chochote kinachozidi dola 20 kwa mara moja, au jumla inayozidi dola 50 kwa mwaka kutoka kwa kampuni hiyo, ni marufuku. Kapu likarudi lilikotoka. Aibu niliyoipata siku ile sijaisahau.

Halafu kuna kusubiri barua ya kukubaliwa. Mwaka wa mfuko unaanza Julai 1, lakini barua yetu ya kwanza ilikuja baada ya miezi mitano. Muda wote huo kampuni ya intaneti ilitutoza bei kamili, kisha ikaturudishia kidogo kidogo kwa kupunguza bili zilizofuata. Ruzuku haipiti mikononi mwenu kabisa, inakwenda moja kwa moja kwa kampuni. Kwa hiyo kama akiba yenu ni nyembamba, ulizeni mapema, kabla ya kusaini, watawatoza vipi wakati mnasubiri.

Tena msidhani inalipia kila kitu. Inalipia bomba, hailipii ndoo. Kompyuta, kamera, programu za kumwona mgonjwa kwa video, hata simu za kawaida za mezani, hizo ni juu yenu. Na daktari binafsi anayefanya biashara asijisumbue: ni kwa vituo vya umma na visivyo vya faida.

Kuna njia moja ya kupunguza maumivu, na sikuijua mpaka nilipoambiwa na mama mmoja wa hospitali ya kaunti jirani: mkataba wa miaka kadhaa, ukiandikwa vizuri, unaweza kuombewa ahadi ya ruzuku ya hadi miaka mitatu kwa mpigo, bila kutangaza zabuni kila mwaka. Mwaka wa pili ndivyo tulivyofanya. Tangu hapo kazi kubwa iliyobaki ni fomu 463, ya ankara, ambayo nayo kampuni lazima iithibitishe kabla ya malipo kutoka.

Nyaraka zote lazima zitunzwe miaka mitano, zikiwemo zabuni za walioshindwa. Nimeziweka kwenye kabati la chini, nyuma ya karatasi za printa, na ufunguo ninao mwenyewe. Ahadi yetu inaisha mwaka huu. Nimeshaifungua 461 mpya, na safari hii siku 28 nimezizungushia kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani.