Wakala wa kibali cha kupangisha wageni: nyota tatu kati ya tano

Nyota tatu. Mbili nimezizuia makusudi na nitasema kwa nini, maana huduma hizi za kukuombea kibali cha kupangisha wageni wa siku chache zimekuwa nyingi na matangazo yao yanafanana: tuachie sisi, wewe subiri wageni tu. Mimi nina fleti moja, ndiyo ninayoishi, na huipangisha ninaposafiri kwenda kwa wanangu. Sina hoteli.

Kilichonifanya niwaamini ni swali la kwanza la yule binti aliyepewa faili langu. Hakuuliza vyumba vingapi. Aliuliza, "Mama, wewe mwenyewe kwa mwaka unalala hapo siku ngapi?" Nikajua anaijua kazi. Wengi wetu tunadhani kibali kinafuata uzuri wa nyumba, kumbe miji mingi inaangalia kwanza kama mwombaji anaishi humo. San Francisco wanataka uwe unakaa kwako siku zisizopungua 275 kwa mwaka, na ukipangisha bila wewe kuwepo mwisho wako ni usiku 90. New York wakali zaidi: tangu walipoanza kusimamia sheria yao Septemba 2023, mgeni wa chini ya siku 30 lazima akae na mwenyeji humo humo, wageni wasizidi wawili, na milango ya ndani isiwekwe makufuli ya kumtenga mgeni na sehemu nyingine za nyumba. Kama ulinunua fleti ya pili kwa ajili ya wageni, kwao biashara hiyo haipo, ujaze fomu kwa mwandiko wowote ule. Wakala mwaminifu hukwambia hilo kabla ya kupokea hela yako, na hawa walinieleza wazi kwamba jibu langu lingekuwa jingine wasingelichukua faili.

Sehemu waliyonifurahisha hasa ni maandalizi ya ukaguzi. Kabla mkaguzi wa halmashauri hajaja, walimtuma kijana wao. Akaingia, akafunga mlango wa mbele kwa ufunguo sote tukiwa ndani, akauchomoa, akautia mfukoni. "Haya mama, toka." Nikabaki namtazama. Kitasa kilikuwa cha ufunguo pande zote mbili. "Mgeni hajui funguo unaziweka wapi. Moshi umejaa, usiku, atafanyaje?" Siku hiyo hiyo kikawekwa kitasa cha kuzungusha kwa mkono upande wa ndani. Kisha akapanda kwenye stuli akabonyeza ving'ora vya moshi. Cha koridoni kikalia mpaka jirani akagonga ukuta. Cha chumbani kimya: fundi aliyekifunga hakuwahi kuvuta kile kiplastiki kinachozuia betri. Akanichorea na njia ya kutokea, karatasi moja ya kubandika nyuma ya mlango. Mkaguzi alipokuja alianza na kitasa. Hata chai hakuimaliza.

Sasa lawama.

Namba ya usajili ilipotoka, walinitumia ikiwa imeandikwa upya kwa mkono wao, na sifuri moja imegeuka herufi O. Nikainakili kwenye tangazo kama ilivyo, tangazo likafungwa. Unaweza kuliona jambo dogo, lakini siku hizi namba ndiyo kila kitu. Ulaya kanuni yao mpya, inayotumika kuanzia tarehe 20 Mei 2026, inaitaka mitandao ya kupangisha ionyeshe namba za usajili na kupeleka taarifa za malazi kwa mamlaka. Namba mbovu haisubiri mtu aje kugonga mlango. Niliwaomba wanipe nakala ya cheti chenyewe badala ya ujumbe wa simu, wakachukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyostahili.

La pili ni kalenda yao ya kuhesabu usiku. Inapendeza kwa macho, lakini imeunganishwa na mtandao mmoja tu. Mimi nimetangaza sehemu mbili. London kikomo cha kupangisha nyumba nzima bila ruhusa ya mipango miji ni usiku 90 kwa mwaka, Amsterdam ni 30 katika sehemu kubwa ya jiji, Japani siku 180, na Paris tangu 2025 makazi yako hayazidi siku 90, yalikuwa 120. Kikomo cha namna hiyo kinaibana nyumba, na hakijali mgeni alikupata mtandao upi. Kalenda inayoona nusu ya wageni inakudanganya kwa upole, nawe unaingia matatani ukidhani una nafasi. Nimerudi kwenye daftari.

La tatu ndilo lililonikera zaidi. Hawakuniuliza kabisa katiba ya wakazi wa jengo letu. Nilipoitaja mwenyewe wakajibu kwamba hayo ni "mambo yenu ya ndani". Mambo ya ndani? Kibali cha halmashauri hakifuti katiba ya jengo, wala hakifuti mkataba wa pango kwa aliye mpangaji. Unaweza kuwa na cheti ukutani na bado kamati ikakushtaki. Ya kwetu inaruhusu kwa masharti, nikaenda kwa mwenyekiti nikapata barua. Sasa mtu asiyejua je?

Halafu kuna ile kauli yao, "kibali ukishakipata umemaliza". Waiondoe. Barcelona walitangaza Juni 2024 kwamba leseni zote 10,101 za fleti za watalii hazitahuishwa, zote zikome ifikapo Novemba 2028. Hao nao waliwahi kuambiwa wamemaliza.

Kwa hiyo: kama unapangisha chumba kimoja na wewe upo, jaza fomu mwenyewe, hela yako ibaki. Kama unaacha nyumba nzima mikononi mwa wageni, walipe kwa ajili ya yule kijana wa ukaguzi, na useme mapema kwamba unataka huduma hiyo peke yake. Wanayo, ila hawaitangazi. Bei ya kifurushi kizima sioni inapokwenda. Na msome ukurasa wa mwisho wa mkataba wao: usipowaandikia kuusitisha kabla ya mwaka kwisha, unajiendeleza wenyewe na wanakata ada ya kuhuisha kibali hata kama ulikwisha kukihuisha kwa mkono wako.